Sukari Ihesabiwe kwa Kokoto

Gulwe imekaa kati ya aina mbili za utamu. Upande wa mashariki reli inashuka kuelekea Kilosa, wilaya yenye mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari cha Mbigiri. Ndani ya mkoa huohuo wa Morogoro kuna viwanda vya Kilombero na Mtibwa, majina ambayo kila mwenye duka la rejareja nchini anayajua. Upande wa magharibi ni Ugogo wenyewe: mibuyu, mikwaju, uwele, mtama, karanga, na ukikaribia Dodoma mjini, mashamba ya zabibu. Mtoto wa miaka minne anayekulia katika kata hii ya wilaya ya Mpwapwa, mkoani Dodoma, hukutana na utamu wa pande zote mbili kabla hajajua kuhesabu hadi kumi. Swali la safu ya leo ni nani anayemfundisha kuupa kila mmoja nafasi yake, na kwa njia gani.

Msimamo wangu ni huu. Mtoto wa umri wa darasa la awali hajifunzi ulaji kwa kuhutubiwa wala kwa kukatazwa. Anajifunza kwa kucheza. Hata hivyo, si kila mchezo ni somo. Mchezo unaofundisha una mambo matatu: kitu halisi anachokishika mtoto, uamuzi anaoufanya yeye mwenyewe, na chakula anachokionja kabla mchezo haujaisha. Ukikosa hayo, kinachobaki ni wimbo wa kukariri.

Sukari na udumavu ni jirani

Wapo watakaouliza kama sukari ni tatizo la kuzungumzia Gulwe, mahali ambapo mvua ni za msimu mmoja, takribani Desemba hadi Aprili, na mwaka zikipungua kaya nyingi hukabwa na njaa. Wanadhani sukari ni shida ya watoto wa mijini walionenepa. Hapo ndipo tunapokosea.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 kuhusu afya ya uzazi na mtoto ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mwaka 2010 walikuwa asilimia 42, kwa hiyo tumepiga hatua, lakini bado ni watoto watatu katika kila kumi. Tumbo la mtoto mdogo halibebi chakula kingi kwa wakati mmoja. Uji wa mahindi yaliyokobolewa uliotiwa vijiko viwili vya sukari unamshibisha na kumpa nguvu za kukimbia, lakini haumpi protini ya kutosha, wala madini ya chuma na zinki anayoyahitaji ili arefuke na akili yake ikue. Akishiba uji huo, nafasi ya karanga, maziwa au mlenda imeshajaa. Kwa hiyo, katika kaya isiyo na kingi, sukari inaweza kumnyima mtoto chakula bora bila kumnenepesha hata kidogo.

Tufanye hesabu. Kijiko kidogo cha chai kilichosawazishwa hubeba gramu 4 za sukari. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari huru isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na kwamba ni bora zaidi ikishuka chini ya asilimia 5. Sukari huru ni ile inayoongezwa kwenye chakula, pamoja na iliyomo katika asali, sharubati na juisi. Kwa mtu mzima, asilimia 5 ni karibu gramu 25, yaani vijiko sita. Mtoto wa miaka mitano anahitaji nishati ndogo zaidi, kwa hiyo kiwango chake bora ni vijiko vinne hivi kwa siku nzima. Kikombe cha uji chenye vijiko viwili asubuhi na kikombe cha chai chenye vijiko viwili jioni vinakimaliza. Pipi yoyote baada ya hapo ni ziada. Soda nyingi za kola zina gramu 10 hadi 11 za sukari katika kila mililita 100, na hivyo chupa ya mililita 350 ina vijiko tisa.

Pima na mfuko wa nyumbani. Kaya ya watu watano inayomaliza kilo moja ya sukari kwa wiki inatumia karibu gramu 29 kwa kila mtu kwa siku, na watoto wakihesabiwa sawa na wakubwa, tayari wamevuka kiwango chao bora. Hapo hatujagusa soda, biskuti wala barafu za mifuko.

Meno hayangojei uzee

Kisukari na shinikizo la damu tunaviona kama magonjwa ya wazee, ingawa utafiti wa mwaka 2012 ulikuta kisukari kwa asilimia 9 ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64. Tabia ya ulaji inayochangia magonjwa hayo huanza mapema sana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la Science ulichunguza Waingereza waliozaliwa karibu na Septemba 1953, wakati mgawo wa sukari uliowekwa enzi za vita ulipokomeshwa. Wale waliopitia siku elfu moja za kwanza za maisha yao, kuanzia tumboni mwa mama, chini ya mgawo walikuwa na hatari ya kisukari iliyopungua kwa karibu asilimia 35, na ya shinikizo la damu kwa karibu asilimia 20, miaka hamsini na zaidi baadaye.

Meno hutoa hukumu haraka zaidi. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilikadiria kuwa watoto milioni 514 duniani wana meno ya utoto yaliyooza. Bakteria wa kinywani hula sukari na kutoa tindikali, na tindikali hiyo hulainisha ganda la jino kwa muda wa nusu saa hivi, hadi mate yatakapoisafisha. Mtoto anayekula kitu kitamu mara moja pamoja na mlo hulipa jino lake muda wa kupona. Anayemumunya pipi ya kijiti kuanzia saa nne asubuhi hadi saa saba mchana halipi muda huo. Jambo hili lilithibitishwa katika taasisi ya Vipeholm nchini Sweden miaka ya 1940, pale watu wenye ulemavu wa akili walipolishwa pipi zinazonata ili meno yao yaoze. Jaribio hilo linalaaniwa, na ni haki lilaaniwe, kwa sababu walioumizwa hawakuwa na uwezo wa kukataa. Somo lililopatikana kwa maumivu yao ni kwamba idadi ya mara sukari inapoingia kinywani ina uzito mkubwa kuliko kiasi cha sukari chenyewe.

Kwa mwalimu wa Gulwe maana yake ni nyepesi: pipi moja baada ya chakula, kisha maji ya kusukutua, haimdhuru mtoto kama pipi moja iliyogawanywa kutwa nzima. Hili mtoto wa miaka mitano anaweza kulielewa, mradi halitanguliwi na vitisho.

Katazo huchochea, zawadi huharibu

Binadamu huzaliwa akipenda utamu. Maziwa ya mama yenyewe ni matamu, na kumwambia mtoto kwamba utamu ni uovu ni kumfundisha aukatae mwili wake. Vilevile kumfungia kitu machoni pake ni kukitukuza. Leann Birch na Jennifer Fisher, watafiti wa Marekani, walionyesha mwaka 1999 kwamba watoto wa miaka mitatu hadi sita waliozuiwa chakula fulani kilichokuwa mbele yao walikizungumzia na kukitaka zaidi kuliko chakula kingine cha aina hiyo kilichoachwa huru.

Kosa la pili ni lile tunalolifanya kwa nia njema: "Maliza mlenda nikupe pipi." Birch na wenzake walikuwa wameligundua tangu mwaka 1984. Watoto waliopewa zawadi ili wanywe kinywaji fulani waliishia kukipenda pungufu kuliko mwanzo. Mtoto ana mantiki yake: kama ninalipwa ili nile hiki, basi hiki ni kibaya, na kile ninacholipwa ndicho kizuri. Kwa hiyo mchezo wowote wa lishe ambao mshindi wake anapewa pipi umejibomoa wenyewe.

Kinachofanya kazi ni kuonja mara nyingi bila shuruti. Mtoto huhitaji kuonja kitu kigeni mara nane, kumi, hata kumi na tano kabla hajakizoea. Mama anayejaribu mara mbili na kuhitimisha kwamba mwanawe "hapendi mboga" ameacha safari njiani. Kuelewa pia kunasaidia. Mwaka 2013 Sarah Gripshover na Ellen Markman wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwasomea watoto wa chekechea vitabu vilivyoeleza kwamba chakula kina vitu vidogo visivyoonekana, na kwamba kila kiungo cha mwili kinahitaji aina mbalimbali za vitu hivyo. Watoto hao walijichukulia mboga nyingi zaidi wakati wa kula. Walipewa sababu, nao wakaitumia.

Michezo minne ya Ugogo

Sera tunazo. Mtaala wa elimu ya awali wa mwaka 2016 uliweka kutunza afya miongoni mwa umahiri wa msingi, na programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, iliyozinduliwa Dodoma Desemba 2021, inataja lishe toshelevu na ujifunzaji wa awali pamoja. Kinachokosekana ni mikono ya kuviunganisha ndani ya darasa lenye watoto wengi na mwalimu mmoja. Michezo ninayoipendekeza haihitaji fedha.

Wa kwanza ni mdako wa vijiko. Watoto wa Gulwe wanaujua mdako: shimo dogo, kokoto, na jiwe la kurushwa juu. Kila kokoto iwe kijiko kimoja cha sukari. Mwalimu anapanga mbele yao chupa tupu ya soda, kikombe cha chai, kikombe cha uji na tunda la mbuyu. Mtoto anadaka kokoto zake na kuzipanga kando ya kila kitu: tisa kwa soda, mbili kwa chai, mbili kwa uji. Kando ya ubuyu hapangi hata moja, kwa kuwa hakuna aliyeutia sukari. Kisha anapewa kokoto nne, ambazo ndizo za siku nzima, aamue mwenyewe azigawe vipi. Akiziweka zote kwenye soda ataona kwamba hazitoshi hata nusu. Hapo amejifunza tarakimu moja hadi tisa, amejifunza kugawa, na amegundua mwenyewe jambo ambalo mabango mengi hayajafanikiwa kulieleza.

Wa pili ni kuonja macho yakiwa yamefumbwa. Kila wiki vitu vitatu: kipande cha boga la kuchemsha, maziwa ya mgando, ubuyu, ukwaju, mlenda, kiazi kitamu. Mtoto anagusa, ananusa, anaonja, kisha anasema alichokihisi: kikali, kichachu, kinanata, kina ukakasi, kitamu. Aseme kwa Kigogo kama ndiyo lugha ya nyumbani kwao, na mwalimu ampe Kiswahili chake. Asiyetaka kumeza anaruhusiwa kuishia kunusa. Wiki ijayo atajaribu tena, na anayeketi karibu naye akila kwa furaha atamvuta kuliko mwalimu.

Hapa kuna tahadhari mbili zisizoepukika. Zabibu nzima na karanga nzima humkaba mtoto wa chini ya miaka mitano. Zabibu ikatwe kwa urefu vipande vinne, karanga isagwe au itwangwe. Na karanga hizo zichambuliwe vizuri, zenye ukungu au zilizosinyaa zitupwe. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, iliyokuwa kwenye nafaka. Mkoa huu unaijua gharama yake.

Wa tatu ni mnada. Watoto wa Ugogo huwafuata mama zao mnadani, na kuigiza mnada hawahitaji kufundishwa. Vifuniko vya soda viwe fedha, vyakula halisi au vya udongo viwe bidhaa. Kila mmoja ana vifuniko vitano na mgeni wa kumpikia. Akinunua biskuti na pipi tu, mwalimu asimgombeze. Amuulize mgeni atashiba mpaka lini, na kama nyumbani kuna mtoto mgonjwa, atakula nini. Mara ya pili au ya tatu utamwona akinunua unga na mboga kwanza, kisha akitafuta kifuniko kimoja kilichobaki kwa ajili ya kitamu. Mpangilio huo, chakula kwanza na kitamu baadaye, ndio hasa tunaoutaka. Hatutaki mtoto asiyegusa sukari maishani. Tunataka mtoto anayejua zamu ya sukari ni ipi.

Wa nne ni wimbo, na nimeuweka mwisho kwa makusudi. Ugogo umejaaliwa nyimbo. Dunia ilizisikia kupitia mwanamuziki marehemu Hukwe Zawose, na kina mama wa Kigogo bado wanapiga ngoma ya muheme. Watoto watunge wao wimbo wa kuitikizana, mmoja akitaja chakula alichokionja leo na wengine wakiitika kinachofanya mwilini. Tatizo la nyimbo nyingi za lishe darasani ni kutaja tufaa na vyakula ambavyo watoto wa kijijini hawajawahi kuviona. Wimbo ufuate ulimi, usiutangulie.

Tahadhari nyingine inahusu mabango. Kwa miaka mingi vipeperushi vya lishe nchini viliweka sukari na asali katika kundi moja la vyakula na mafuta, na walimu wengi tulifundishwa hivyo. Mtoto akiambiwa kwamba kila siku ale kutoka makundi yote, anaelewa kwamba sukari ni wajibu. Sivyo. Mwili hautaki sukari ya kuongezwa hata kijiko kimoja ili ukue, na mwongozo wa taifa wa ulaji wa mwaka 2023 unatuelekeza tuipunguze. Asali nayo, pamoja na sifa zake zote, ihesabiwe kokoto kama sukari, na asipewe kabisa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja kwa sababu ya hatari ya sumu ya bakteria.

Ubuyu unatueleza tulipofika

Ukitaka kuona pambano lenyewe, tazama ubuyu. Unga mweupe unaozunguka mbegu una vitamini C kwa wingi kuliko chungwa la uzito uleule, una kalsiamu na nyuzinyuzi, na Gulwe unapatikana chini ya mti. Lakini ubuyu mwingi wa dukani umechemshwa katika sukari na kupakwa rangi nyekundu. Tumelichukua tunda letu tukaligeuza pipi, kisha tunamuuzia mtoto ambaye bibi yake ana mbuyu nyuma ya nyumba. Mchezo wa kuonja uweke ubuyu mweupe na mwekundu pamoja, na watoto wapange kokoto. Waambiwe pia ukweli wote: hata ule mweupe ni mchachu, na kuumumunya kutwa kunayachosha meno, kwa hiyo wale kisha wanywe maji.

Watu wazima wana zamu yao

Mchezo mzuri darasani unashindwa langoni. Mtoto anayetoka kupanga kokoto na kukuta meza yenye pipi na barafu tu amefundishwa masomo mawili yanayopingana, na la pili lina ladha kali zaidi. Simaanishi mama anayeuza afukuzwe. Meza ile inalisha familia. Kamati ya shule izungumze naye ili karanga za kutwanga, boga, kiazi na ubuyu mweupe vikae mbele, na pipi zikae nyuma. Bei iwe ambayo mtoto anaimudu.

Uji wa shule nao ni somo. Uwele una madini ya chuma mengi kuliko mahindi, na karanga iliyosagwa humpa mtoto protini na mafuta, pamoja na utamu wake wa asili. Wilaya hii ina kituo cha utafiti wa mifugo kilicholeta aina ya ng'ombe iitwayo Mpwapwa, iliyotambuliwa rasmi mwaka 1958. Maziwa si kitu kigeni hapa. Sukari ya sufuria ipunguzwe kidogokidogo kila wiki, kwa maana ulimi huzoea mabadiliko madogo na hukataa ya ghafla.

Kwa wazazi nina ombi moja. Mtoto akirudi nyumbani na kokoto zake akauliza baba anatia ngapi kwenye chai, asikemewe. Na mwalimu asimtume kuwa polisi wa mama yake. Katika nyumba zetu chai ya sukari na soda ni heshima kwa mgeni, na heshima hiyo haistahili kudhihakiwa na mtoto. Inatosha mzazi kuhesabu pamoja naye na kupunguza moja.

Maendeleo yapimwe kwa vitendo. Tusiulize ni watoto wangapi wanaokariri makundi ya chakula. Tuangalie nani ameonja leo alichokikataa mwezi uliopita, nani amenunua mboga kwanza kwenye mnada wa kuigiza, na sufuria ya uji imetumia kilo ngapi za sukari ikilinganishwa na muhula uliopita. Mwalimu anaweza kuandika hayo kwenye daftari la kawaida.

Muhula wa pili huanza Julai, wakati mavuno ya uwele na karanga yako ndani na mibuyu imekomaza matunda. Ndio wakati rahisi kuliko wowote wa kuanza hapa Gulwe: kokoto ziko chini, chakula kipo, na watoto tayari wanajua kudaka. Kamati za shule zikutane kabla ya hapo, zipange uji na meza ya langoni, kisha ziwaachie walimu na watoto wacheze.